Maji Yamefika Mahari

Mwezi uliopita koki ya jikoni kwetu Naguru ilianza kudondosha maji mchana kutwa, na mume wangu, ambaye amestaafu kila kitu isipokuwa kulalamika, akasema nisiponunua nyingine ataiziba kwa soksi yangu. Basi nikashuka Nakivubo. Niliingia duka la kwanza lililokuwa na mabomba mlangoni, nikasimama nikihema, maana magoti yangu siku hizi yana mambo yake. Nyuma ya kaunta alikuwa mzee mmoja mwembamba mwenye miwani ya kamba. Akaniona, akamgeukia mfanyakazi wake akasema, "Wewe, mpe mama mahari pa kukaa." Mkoba ulinianguka. Mfanyakazi aliniletea kiti cha plastiki, lakini mimi sikukaa. Nilimtazama yule mzee, naye akanitazama, tukawa tumenyoosheana vidole kama watoto. "Akello!" "Kizito!" Wateja wakatupisha. Katika Kampala yote namfahamu mtu mmoja tu anayesema mahari akitaka kusema mahali, na kwa sababu ya neno hilo moja mwaka wangu wa kumi na tisa ulikwenda ulivyokwenda.

Mwaka ule Baba alikuwa ametoka polisi na cheo chake cha sajenti, akatuhamisha kutoka vyumba viwili vya kambi ya Naguru mpaka shamba la nyasi kule Nakaseke, ambako alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja na amani aliyoingoja maisha yake yote. Nyumba ilikuwa ya udongo, sebule na vyumba vitatu. Sebuleni palikuwa na viti vinne vilivyovishwa vitambaa vya kufuma, na picha ya Baba akiwa amevaa sare, kidevu juu, kana kwamba mpiga picha alikuwa mshukiwa. Jiko lilikuwa upande wa pili wa ukuta, na ukuta ule haukufika kwenye bati. Aliyeujenga alituachia nafasi ya mikono miwili ili moshi utoke. Moshi ulitoka kidogo, maneno yote ya sebuleni yakaingia. Mimi na Mama hatukuhitaji redio.

Chini ya picha ile kulikuwa na sanduku la bati, na ndani ya sanduku kulikuwa na barua yangu. Chuo cha uuguzi Kampala kilikuwa kimenipa nafasi, na siku ya kuripoti ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu. Asiyefika siku hiyo, nafasi inapewa mwingine. Nilikuwa naijua barua ile kwa moyo, mpaka na muhuri wake. Lakini chemchemi ilikuwa juu, nyuma ya nyumba, na malisho yalikuwa chini, ng'ambo ya mwinuko, na ng'ombe hawakuruhusiwa kupanda kule juu kwa sababu wangeikanyaga chemchemi ikawa tope. Kaka zangu wote walikuwa jeshini. Mwenye baiskeli na madumu nilikuwa mimi. Madumu ishirini na moja kwa siku, matatu kwa kila safari, kushuka nikifunga breki kwa kisigino, kupanda nikisukuma. Nilipoileta barua, Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Ng'ombe wakinywa bila wewe, utaenda sule." Baba alikuwa mtu wa kaskazini, na sauti ya sh haikukaa mdomoni mwake. Shule ilikuwa sule, shamba lilikuwa samba. Fundi wa kwanza aliyeitwa kuleta maji alicheka aliposikia neno hilo, akafukuzwa chai yake ikiwa bado moto, na wiki nne zikapita bila fundi. Nilimchukia Baba wiki zile. Nasema ukweli, nilimchukia na madumu yake.

Hatimaye alikwenda mwenyewe Nakivubo, akaelewana na Mkenya mmoja mwenye duka, wakakubaliana kwamba Mkenya yule atakuja Jumatatu na lori na mabomba. Sasa sikiliza. Siku hizo hizo shangazi yangu wa Naguru alikuwa ametuma salamu kwamba kuna familia nzuri inaniulizia, na kwamba kijana wao anaweza kutokea wakati wowote. Jumapili, saa nane mchana, akatokea kijana. Shati jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye mikono, viatu vinang'aa, mkononi kilo mbili za sukari. Hakuwa na lori, hakuwa hata na spana. Baba alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele, akamkaribisha kiti chenye kitambaa kizuri kuliko vyote. Mama akanivuta jikoni, tukasimama chini ya ile nafasi.

"Mzee," kijana alianza, "mimi naitwa Kizito. Natoka Kampala. Nimekuja kuona mahari."

Kiti cha Baba kililia.

"Mahari?"

"Ndiyo, ssebo. Nataka leo tupatane mahari, kesho nianze kazi."

"Kwenu mnafanya haraka namna hii?"

"Mzee, mvua ikianza, hii kitu inakuwa ngumu sana."

"Na umekuja peke yako? Hakuna wazee?"

"Mimi nafanyaga peke yangu. Nikishindwa, naomba watu wa hapa hapa wanisaidie."

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Baba alikohoa kikohozi chake cha kituoni, kile cha kumwambia mtu aandike maelezo vizuri. "Haya. Upande wa ng'ombe, mimi nafikiria kumi na wawili."

"Kumi na wawili tu?" Kizito alishangaa kweli. "Mzee, hao ni kidogo. Mimi nimejipanga kwa thelathini."

"Thelathini!"

"Lazima mtu afikirie mbele. Watazaa. Na wakizidi hapo, hakuna shida, tunaongeza."

Mama alikaa chini, pale pale juu ya kuni. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Thelathini," aliniambia kwa mdomo usio na sauti, akanishika uso kwa mikono yake miwili yenye unga. Na mimi, nisikufiche, niliwaka moto. Nani amemwambia naolewa? Barua yangu iko kwenye sanduku! Nilikuwa nimeshashika mwiko kwenda kumwonyesha huyo mwenye ng'ombe thelathini njia ya kurudi Kampala, ndipo nikamsikia akisema, "Sasa mzee twende tuione. Mimi nafikiria mahari ikae kule chini, karibu na ile miti, ili ng'ombe wakinywa wapate kivuli."

Mwiko ulibaki hewani. Nimezaliwa kambini, nimecheza na watoto wa Waganda tangu natambaa, najua ndimi zao zinavyogeuza l na r. Lakini hata kwa Mganda hili lilikuwa la ajabu, kwa sababu Mganda wa kawaida mahali angeisema sawa kabisa. Alinieleza mwenyewe siku chache baadaye. Bosi wake Mkenya alikuwa anamcheka kwa habali na hatali na tayali, mbele ya wateja, kila siku, mpaka Kizito akaapa kwamba kila penye shaka atatia r. Akatia r mpaka pasipostahili. Na lile shati na ile sukari? Bosi alimwambia anakwenda kwa polisi, ajiheshimu. Alitumwa siku moja mbele aangalie mahali pa kujenga hori. Basi, hilo tu.

Ningeweza kusema pale pale. Ningesema, "Baba, huyu ni fundi wa maji." Lakini nilimkumbuka fundi wa kwanza na chai yake. Baba kuchekwa kwa neno moja alimfukuza mtu, je, akigundua kwamba amekaa sebuleni kwake akipanga bei ya binti yake na mtu aliyekuja kupima mfereji? Angeona haya mpaka kwenye mifupa, na Kizito angerudi Kampala na mabomba yake, na mimi ningebaki na baiskeli. Zilikuwa zimebaki wiki sita kwenye ile tarehe nyekundu. Nikarudisha mwiko kwenye sufuria, nikakoroga, nikafunga mdomo. Ulikuwa uongo wa kunyamaza, na nilikuwa na furaha nao kupita kiasi.

Lori lilikuja kesho yake na mabomba meusi ya plastiki, yamekunjwa mduara mkubwa kama gurudumu la trekta. Mkwe ambaye pia ni fundi! Baba alisema ni bahati juu ya bahati. Mama akaanza kuchinja kuku. Nasema kuchinja, yaani yule mwanamke ambaye Krismasi alikuwa anahesabu vipapatio, sasa kila siku ya tatu jogoo mmoja alikuwa anaimba wimbo wake wa mwisho. Kizito alipikiwa ugali wa ulezi, na malakwang, ile mboga yetu chachu inayoungwa kwa karanga, na samaki wa kukaushwa, na Mama alisimama juu yake, "Kula, mwanangu, kazi iko mbele." Kizito alikuwa mtoto wa matoke. Ugali ule mweusi alikuwa akiuangalia kama fumbo la hesabu, anakata kipande, anameza kwa macho yaliyofumbwa. Wiki ya tatu akaomba kuongezwa. Aliniuliza kwa upole, "Sista, hapa kwenu kila fundi anapewaga kuku?" Nikamwambia ndiyo, ni desturi. Mungu anisamehe.

Alikuwa anakuja mlango wa jiko kuomba maji ya moto, kwa sababu bomba lile haliungwi mpaka ncha yake ilainishwe. Unalitumbukiza kwenye sufuria inayochemka, unahesabu mpaka ishirini, unalivuta, unalisukuma kwenye kiungio kwa nguvu zako zote kabla halijapoa. Sufuria ilikuwa ya chai, kwa hiyo chai yetu mwezi ule ilikuwa na ladha ya plastiki, na hakuna aliyelalamika. Yeye alisukuma upande mmoja, mimi nilishika upande wa pili, tukawa uso kwa uso, wekundu kama pilipili, tukicheka. Alinifundisha kulikunjua bomba kwa kuliviringisha chini, usilivute, ukilivuta linajinyonga. Mfereji tulichimba wote, mita mia nane, kina cha goti, ng'ombe asije akalikanyaga. Baba alichimba akiwa amevaa kofia yake ya kazi. Alikuwa akitupigia filimbi yake ya polisi saa nne tupumzike na saa sita tule. Nikimwona amesimama ndani ya mfereji na Kizito, bega kwa bega, wakibishana jiwe litoke huku au kule, moyo ulikuwa unaniuma kidogo kwa ajili ya ile siri, halafu nikiangalia udongo uliobaki, uchungu unaniisha. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, nimepewa vyeti, nimeshikana mikono na wakubwa. Sijawahi kuwa na wiki sita za furaha ya mwili namna ile, mikono imechubuka na tumbo limeshiba.

Siku ya kufungulia maji ilikuwa Ijumaa, na mimi nilitakiwa kuripoti Jumatatu. Baba alikaa juu na filimbi, kwenye tangi tulilojenga chemchemini. Mlio mmoja ulimaanisha nimefungua, miwili nimefunga. Mimi, Mama na Kizito tulisimama chini kwenye hori la saruji, ng'ombe kumi na mmoja wametuzunguka kama wameitwa mkutanoni. Filimbi ililia. Tukangoja. Bomba likakohoa, likatoa pumzi, likanyamaza. Tukangoja tena, mpaka ng'ombe wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Kizito alikagua kila kiungio siku ile na kesho yake yote, hakikuvuja hata kimoja. Jumamosi jioni hakula kuku. Alikaa kwenye ngazi ya jiko na mikono kichwani. "Sista, nimeharibu. Maji yanatoka juu, hapa chini hayafiki. Sijui." Nilikwenda ndani nikalia kwenye mto, kwa hasira, kama mtoto. Sanduku langu la safari lilikuwa limefungwa kamba tayari.

Jumapili nilitoka peke yangu alfajiri na madumu yangu, na nilipofika juu ya mwinuko, katikati ya njia, niliiweka baiskeli chini nikalala kifudifudi juu ya udongo mpya. Sijui nilitaka nini. Pengine nilitaka kulipiga teke na sikuwa na nguvu. Nikachimba kwa mikono mpaka nikaligusa bomba, nikaweka sikio. Upande wa juu kulikuwa na mguno mzito wa maji yaliyosimama. Hapo kwenye kilele, hakuna. Nikaligonga kwa ukucha, likalia tupu. Maelfu ya vifua nimesikiliza baadaye, na nikifundisha wauguzi vijana huwa nawaambia kwamba kifua cha kwanza nilichokisikiliza kilikuwa cha plastiki. Nikapiga kelele. Kizito alikuja mbio na shati wazi, nikamwambia, "Hapa kuna hewa! Imekaa hapa, maji hayawezi kupita!" Akanitazama, akajipiga kofi la paji la uso. Alikuwa ameliviringisha bomba juu ya mwinuko bila kuweka tundu la kutolea hewa. Tukachoma msumari kwenye makaa ya Mama, Kizito akautia kwenye kilele cha bomba, na hewa ikatoka kwa mluzi mrefu, fiiiiii, mpaka matone yakaturukia usoni. Baba akadhani ni filimbi ya mtu mwingine, akajibu kwa yake.

Tukashuka tukikimbia. Kwenye hori, bomba lilitema matope, likatema hewa, likatema chura mmoja mdogo aliyekasirika, halafu maji yakaja, meupe, mazito kama mkono. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Ng'ombe walisukumana. Baba alishuka ule mteremko akikimbia, mtu wa miaka hamsini na zaidi, kofia mkononi, akipuliza filimbi bila utaratibu wowote. Na Kizito, ameloa mwili mzima, alipanda juu ya ukingo wa hori akainua mikono akapiga kelele, "Maji yamefika mahari! Jamani, maji yamefika mahari!" Mama akaacha vigelegele. Aliangalia hori, akamwangalia Kizito, akaniangalia mimi. Nikajua leo ndiyo leo.

Nilimfuata Baba kwenye miti, nikamweleza yote, maneno yakikimbizana. Alinisikiliza akikamua maji kwenye kofia. "Nilijua siku ya pili," alisema. "Mimi nimeandika maelezo ya Waganda miaka ishirini." Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. "Mama yako alikuwa anachinja kuku," akasema. "Nani angezuia hiyo?" Akacheka mpaka akaegemea mti. Jumatatu asubuhi alinifungulia lile sanduku la bati mwenyewe, akanipa barua yangu, akanipandisha gari. Kizito alibaki kulijengea mawe lile tundu la hewa pale kwenye mwinuko, nami sikupata hata kumuaga vizuri.

Haya yote niliyakumbuka nikiwa kwenye kiti cha plastiki pale Nakivubo, tukinywa chai, koki mpya mapajani. Tulimaliza habari za watoto na za magoti. Kisha Kizito akavua miwani. "Unakumbuka nilikuja hospitali kwenu, miaka minne baadaye?"

"Nakumbuka. Ulisema kichwa kinauma. Nilikupima presha."

"Ilikuwa juu."

"Ilikuwa juu sana. Nikakwambia upunguze chumvi."

"Haikuwa chumvi. Nilikuja na swali. Kabla sijauliza, ukaniambia kwa furaha kwamba unaolewa Desemba, nikaona swali limejibiwa." Alicheka, na hapakuwa na uchungu ndani yake. Mke wake alikuwa ametupigia simu mara mbili kuuliza kama nitakula kwao. "Siku ile ulipoondoka, baba yako alinieleza lile kosa langu la mahari. Tulicheka, banange, tulicheka! Halafu nikamwambia, mzee, na nikisema sasa mahari yenyewe, je? Babu yangu kule Ssingo ana ng'ombe. Wale thelathini nitawaleta kweli. Mara hiyo niliitamka sawasawa."

Chai ilikuwa imenikaa mdomoni. "Akasema nini?"

"Aliwatazama ng'ombe wanavyokunywa. Halafu akaniambia, kijana, wewe nakupenda, lakini haya maji nimeyaleta ili huyu mtoto aondoke." Na Kizito akanyanyua kidevu kama ile picha ya sebuleni, akatoa sauti ya Baba, ile ile, mpaka nikageuka kuangalia mlangoni. "Kwanza sule."

Nilicheka, nikalia, nikamwaga chai juu ya koki. Miaka yote nilidhani ni ng'ombe walioniachilia, siku ile walipokunywa bila mimi. Ng'ombe thelathini, Baba! Na wewe ulikuwa na kumi na mmoja tu.